Matope ya Namba Tisa

Hivi wewe umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya matope? Basi Imaculata wa Bombambili alimwonea Judica wivu huo miaka mitatu mizima.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa sabuni za kila rangi, lakini timu ya mji haikuwa na uwezo wa kununua hata mche mmoja. Ndipo kina mama wakakubaliana kugawana jezi, kila nyumba na namba yake. Mechi ikiisha, Pankrasi, mtunza vifaa, alipita na baiskeli na gunia lake, anagawa; Ijumaa anapita tena kukusanya. Majina ya wachezaji hayakutajwa. Zilitajwa namba tu. "Tatu yangu imechanika kwapani." "Saba yangu leo imeshika majani hiyo." Mwanamke aliyefua jezi ya Songea alitembea sokoni shingo imenyooka.

Imaculata alikuwa na kumi na nne.

Kumi na nne ilikuwa ya benchi. Ilitoka Ijumaa imepigwa pasi, ikarudi Jumapili na mikunjo ileile. Ukiinusa, inanukia sabuni yake mwenyewe. Hata hivyo aliiloweka, akaisugua kola, akaianika kwenye kamba ya mbele inayoonekana barabarani. Mwaka wa pili aliifumua mabegani, akaongeza kitambaa cha rangi ileile, ingawa hakuna aliyemwagiza.

Judica alikuwa mgeni. Mumewe, bwana shamba, alihamishiwa Songea kutoka Moshi, na hata mizigo hawajamaliza kufungua, Judica akapewa tisa, maana mama aliyekuwa akiifua alikuwa amehamia Maposeni. Na tisa ndiyo iliyofunga mabao. Ilirudi nyumbani na udongo mwekundu mpaka kwenye kola, kifuani alama ya mpira, mgongoni vidole vya mabeki. Tisa ikifunga, ngoma ya lizombe inalia jukwaani, na kina mama wanamgeukia Judica kumpa mkono, utadhani yeye ndiye aliyepiga shuti.

Imaculata naye alipiga makofi. Mara mbili tu, kisha macho yake yakarudi benchi.

Jumatatu moja alikwenda Msamala kwa Judica, eti kuazima ungo, ilhali nyumbani kwake mwenyewe zilining'inia nyungo mbili.

"Shikamoo, Mama Rupert."

"Marahaba. Naona unafua."

"Nimekoma, mama. Maji ya tatu haya, na bado yanatoka kama uji wa ulezi."

Imaculata aliinamia beseni. Akachovya kidole, akakitoa, akakitazama kilivyokuwa chekundu.

"Wewe una raha zako," Judica akacheka. "Yako unaichovya tu, unaanika. Tubadilishane basi."

Imaculata alirudi nyumbani bila ungo.

Tangu siku ile mdomo wake ukakosa breki. Bombani yeye, sokoni yeye, hata baada ya misa, watu wakipeana mikono pale nje. "Songea hii hakuna haki," anasema. "Wengine wanakula minofu, wengine mwaka wa tatu wanalamba sufuria."

Kina mama walimwelewa. "Huyo anaitaka tisa," alisema Chiku, muuza vitumbua. "Muulizeni, atakataa. Lakini hebu mtazameni macho Judica akipita."

Wengine walimtania. "Mama Rupert, si uipake matope mwenyewe? Nani atajua?"

Hakucheka. Jioni ile alichota udongo wa mfereji kiganjani, akasimama mbele ya kamba yake, jezi inapepea. Alisimama mpaka udongo ukaanza kumkaukia vidoleni. Kisha akaumwaga, akanawa.

Maneno yakamfikia Mzee Beda, mwenyekiti wa timu. Mzee Beda alikuwa mtu asiyependa kelele za wanawake, na zaidi ya hapo aliogopa jezi zisije zikakosa wa kuzifua. Jumapili, mechi ilipokwisha, akaja mwenyewe Bombambili. Nyuma yake Judica, beseni kichwani, na ndani ya beseni tisa imelala na matope yake yote. Majirani wakajaa uani. Pankrasi naye alikuwa ndiyo kwanza ameshusha gunia.

"Imaculata," Mzee Beda alisema, "kilio chako tumekisikia. Miaka mitatu si mchezo. Judica amekubali kwa hiari yake. Kuanzia leo tisa utafua wewe."

Judica alipiga goti, akatua beseni. "Mama Rupert, sikujua kama ilikuwa inakuuma hivi. Mimi nitachukua kumi na nne. Usinichukie tu, mama."

Chiku akaanzisha kigelegele, kikamfia mdomoni. Imaculata hakuligusa beseni. Alikuwa ameikumbatia kumi na nne kifuani, kavu, mikunjo ya pasi bado imesimama.

"Nini tena?" Mzee Beda akauliza. "Tisa hii hapa. Kama kuna kingine unachotaka, sema, watu wanakusikiliza."

Imaculata alimtazama mzee, akawatazama majirani, akaona aibu, kisha akaona heri aibu.

"Tisa abaki nayo mwenyewe," alisema taratibu. "Mimi, Mzee, naomba Jumapili ijayo mumtoe mwanangu benchi. Hata dakika tano."