Tarehe Zisiguswe

Fundi wa kompyuta alipomaliza kunakili na kufungua mashine mpya, alinywea: folda zote za marehemu zilikuwa na tarehe ya leo. Na mjane alikuwa amemsihi, "Hamisha vyote, mwanangu, ila tarehe zisiguswe."

Akafuta, akanakili upya, safari hii akiiamuru mashine ibebe na tarehe za zamani. Miaka ikarudi mahali pake, isipokuwa folda moja, "Ya Mke Wangu".

Akageukia kompyuta kuukuu ya marehemu. Hata huko, folda hiyo ilionyesha imebadilishwa leo, dakika hiyo hiyo. Yeye alikuwa ametumia kipanya tu; vumbi la vibonye halikuwa na alama ya kidole.

"Mama, nani ameigusa hii?"

"Tangu tumzike? Hakuna."

Saa ya folda ikasogea tena. Fundi akanyoosha mkono achomoe waya. Mjane akamdaka kiganja.

"Mwache kwanza. Hajamaliza."