Getzel Ainua Torati

Usomaji wa kwanza wa mwaka ulipokwisha, mzee wa sinagogi aliangaza macho huku na huku, kisha akamwita mume wangu, Getzel, akaliinue gombo la Torati.

Nikashika pazia la upande wa wanawake. Tangu avunjike mkono wa kushoto, mwaka mzima sasa, mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati. Na mwanzoni mwa mwaka, kwa kuwa Torati husomwa kutoka kulia, ngozi ya gombo karibu yote huwa bado imezungushwa kwenye mti wake wa kushoto. Uzito wote uko huko.

"Kataa tu, ndugu yangu, hakuna atakayekusema," jirani yake alimnong'oneza, kwa sauti iliyotufikia hata sisi. "Ukiliangusha tutafunga sote, na mimi na njaa hatuelewani."

"Basi niombee," Getzel akamjibu, akaenda.

Hakukurupuka. Alishika mipini miwili, akalivuta gombo mpaka nusu yake ikatokeza nje ya meza, akakunja magoti. Kisha akaikandamiza mipini chini, gombo likasimama, naye akainuka nalo. Mkono wa kushoto ulitetemeka hadi begani, halafu ukatulia.

Watu wakaimba, wakinyoosha vidole vyao vidogo kuelekea maandishi, kama ilivyo desturi. Aliyengoja kulifunga akamsogezea kiti.

"Keti sasa, bwana, inatosha!"

Getzel hakuketi. Alipanua mikono kupita safu tatu zinazotakiwa, safu ya nne ya maandishi ikaonekana, kisha ya tano, akageuka taratibu kuelekea pazia letu, ili nasi tusome.