Pumzi ya Mzee Vuai

Daktari alimweleza Mzee Vuai bila kumficha: mionzi ingeweza kuiua saratani ya tezi dume, lakini huenda ikamwachia kibofu dhaifu, mkojo ukawa unamtoka bila hiari yake. Jibu lilitakiwa kesho asubuhi.

Sasa alikaa barazani, zumari yake mapajani. Kwa miaka arobaini aliwasindikiza mabwana harusi wa mji ule, akipuliza njia nzima hadi mlangoni kwa bibi harusi bila kukatisha sauti. Zumari hupulizwa kwa tumbo, si kwa mashavu tu. Na kibofu kikilegea, je?

"Nitapuliza vipi, Mize? Niloweshe kanzu mbele ya maharusi?"

Bi Mize, mkewe, alikuwa akichagua mchele. "Harusi yetu ulijipulizia mwenyewe, ukakataa kumwachia mtu. Ulitota jasho mpaka kanzu ikakuganda mgongoni. Nilikucheka?"

"Lile lilikuwa jasho."

"Na hili ni maji. Nitakushonea nepi, tena za kitambaa cheusi, uvae kibwana. Mimi nataka mpulizaji, Vuai. Sitaki kaburi la kulisifia."

Mzee Vuai alicheka. Akalowesha mdomo wa zumari kwa ulimi, akaanza wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani. Hakuwa ameupuliza tangu augue.

Nyuma ya ukuta, wanawake waliokuwa kisimani waliziacha ndoo zao. Mmoja akapiga kigelegele, wa pili akampokea, wakaanza kuulizana ni nani anayeolewa leo.