Kengele ya Kihenge

Jilala alifunga uzi mweusi kwenye kifuniko cha kihenge, akaupitisha chini ya paa la nyasi, akauingiza chumbani kwa tundu la ukutani. Mwisho wa uzi ulishika kipande cha ngozi, na ngozi ilibanwa na kibanio cha nguo chenye vipande viwili vya bati mdomoni. Mtu akiinua kifuniko, ngozi huchomoka, bati hugusana, na betri huliza kengele.

"Safari hii italia?" aliuliza Fikirini.

"Italia."

"Maana ile ya langoni ilimlilia mbuzi tu."

Eustace alicheka. Jilala aliinama kuzikaza betri ambazo tayari zilikuwa zimekazwa.

Kila Jumapili alasiri watatu hao walikutana mjini Shinyanga, kwenye kibanda cha Fikirini cha kutengenezea redio, wakionyeshana vitu walivyobuni ili nyumba ijifanyie kazi yenyewe. Fikirini alikuwa na taa iliyowaka mlango ukifunguliwa. Eustace, mwalimu wa sayansi, alikuwa na pipa lililojifungia maji likijaa. Jilala, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwake siku zote sita zilizobaki, alikuwa na ile kengele ya langoni tu. Aliitengeneza ili mama mkwe wake, Mageni, akija, yeye apate kutokea nyuma mapema, kwa kuwa kwao Usukumani mkwe hamtazami mkwewe usoni. Haikupata kumlilia. Lakini mama huyo alipopata habari za kengele hiyo, hakuonekana tena langoni.

Leo Jilala aliondoka na baiskeli kama kawaida, kisha akarudi na wenzake kwa njia ya nyuma. Kuna mtu aliyekuwa akiingia uani kwake kila Jumapili, yeye akiwa mjini, akienda moja kwa moja kwenye kihenge. Ilimchukua muda mrefu kuwaambia. Kuibiwa chakula katika mwaka wa njaa kama ule wa 1974, nyumbani kwako, nawe unajiita fundi wa kengele!

Aliwaonyesha nyayo za Jumapili iliyopita, penye upenyo wa ua wa minyaa.

"Mtu mzito huyu," alisema Fikirini. "Tazama visigino vya kuja vilivyozama."

"Na vya kurudi ni vyepesi," alisema Eustace. "Anakimbia."

Limi, mke wa Jilala, alikuwa akifua nguo uani alipowaona wakiingia.

"Karibuni, shemeji zangu. Mbona leo mapema?"

"Tunamngoja mwizi," alisema Jilala.

Mikono ya Limi ilisimama ndani ya povu. "Mwizi gani, Baba Paskalina? Kuna kilichopungua?"

"Mimi nitajuaje? Kihenge ni chako."

Hilo lilikuwa kweli. Mwanamume anayechungulia kihenge cha mkewe huonekana mchoyo, na Jilala hakutaka kuitwa mchoyo. Hata Limi alipomwomba hela ya unga wa njano, ule wa kupangia foleni, hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Si kuna mtama ndani?" Limi akarudi jikoni. Siku hiyo hiyo Jilala akanunua waya na betri. Na mtama ulikuwapo kweli, maana ugali haukukosa kuandaliwa hata jioni moja.

"Basi ukate huo uzi," alisema Limi. "Huyo mtu hajatupunguzia kitu."

"Ee, shemeji!" alisema Fikirini. "Umekuwa wakili wake?"

"Nipisheni basi nikachote maji."

"Kaa," alisema Jilala. "Ukitoka sasa utamshtua."

Limi alikaa kizingitini, pindo la khanga mdomoni. Wanaume walijificha chumbani. Fikirini aliokota fimbo iliyoegemea ukuta.

Hawakungoja sana. Ngozi ilichomoka na kengele ikalia, kali, bila kusita, jinsi Jilala alivyoiota miezi mingi. Kwa nukta moja alimsahau mwizi. Aliwatazama wenzake, na Eustace akampa mkono.

"Mwizi!" Fikirini alikuwa tayari nje. "Mwizi! Mwizi!"

Majirani walianza kutokeza, mmoja na mchi wake mkononi.

Kando ya kihenge alisimama mwanamke mzee, ameupa ukuta uso wake, khanga ameivuta mpaka puani. Kifuniko kilikuwa mkononi mwake. Kapu lilikuwa chini. Jilala aliitambua miguu ile mara moja, kwa kuwa miguu ndiyo kitu pekee alichowahi kukitazama cha mama mkwe wake. Akageuka haraka, akampa mgongo kama desturi inavyotaka, na fedheha ikampanda mpaka masikioni. Mkwewe. Mbele ya mtaa mzima.

"Kapu limefurika!" alipaza sauti Fikirini, akichungulia kihenge. "Kakomba chote, jamani! Humu ndani hamna hata punje!"

"Shusha fimbo," alisema Eustace polepole.

Jilala alisikia ndara za Limi zikimpita. Hazikuwa na haraka. Kisha akasikia kapu likiguna, kama linalonyanyuliwa na watu wawili.

"Mimina tu, mayu," Limi alimwambia mama yake. "Wameshaona."

Na Jilala, angali amewapa mgongo, kengele yake ikiendelea kulia, akasikia mtama ukianguka juu ya kitako kitupu cha kihenge.