Mbwa Mwenye Adabu

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemshauri jirani yangu Bwana Shekolowa, mgane anayeishi peke yake, akachukue mbwa mzee kwenye kituo cha mbwa waliotupwa. Nilimwambia mbwa mzee hana usumbufu, na nyumba itaacha kuwa kimya.

"Huyu ana adabu, mzee," dada wa kituo alimwambia akimpa kamba. "Alilelewa na bibi mmoja mkali. Kwake, asiyepiga hodi na kukaribishwa haingii."

Jioni Bwana Shekolowa akatoka kununua maziwa. Aliporudi, mbwa alikuwa amejilaza mlangoni, akamwonyesha meno yake matatu yaliyobaki.

"Mzee mwenzangu, hapa ni kwangu."

Mbwa akanguruma.

"Haya. Hodi."

Mngurumo ukakatika, mkia ukacheza. Mbwa akageuza shingo kutazama ndani, akisubiri mwenyeji aitikie.

"Karibu," Bwana Shekolowa akajijibu mwenyewe.

Mbwa akamkazia macho kama mwalimu aliyemkamata mtu akiibia mtihani, kisha akarudi kutazama ndani. Bwana Shekolowa naye akatazama huko huko, kwenye kiti cha marehemu mkewe. Akahamishia maziwa mkono wa pili.

"Hodi," akasema tena, taratibu.