Mipira ya Darubini

"Sikumwona vizuri," Danieli alisema, akaiweka darubini ya kijiji mezani kama panga lililokata mtu.

Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa watu. Kwa wiki mbili mtumbwi wa Lourenco ulikuwa umefungwa mnyororo kule dikoni, mitumbwi inakoegeshwa, kwa sababu Danieli, mlinzi wa mikoko, aliapa kwamba alimwona akikata boriti za mikoko bila kibali mdomoni mwa mto Ruvuma. Kwa wiki mbili watoto wa Lourenco waliitwa wezi wa ng'ambo ya mto. Leo Lourenco alikuwa ameleta karatasi ya hospitali: siku ile alikuwa amelazwa Mtwara.

"Sema, ulimwona au hukumwona?" aliuliza Mustafa, mwenyekiti.

"Tatizo miwani. Nikiivaa, darubini inanipa kiduara kidogo tu. Nikiivua, naona ukungu. Niliona mtu, nikadhani ni yeye."

"Kumbe mlinzi wetu anachungulia tundu la ufunguo!" mtu mmoja alidakia kutoka nyuma.

Watu walicheka. Danieli alitazama viatu vyake.

Glory, ofisa misitu, naye alivaa miwani. Aliichukua darubini.

"Mzee wangu, ona. Hii mipira ya machoni imesimama. Hivi ni kwa wasio na miwani. Sisi wenye macho manne tunaikunja, ili jicho liikaribie lenzi."

Mpira wa kwanza ulilala mara moja, kama ukurasa uliozoea kukunjwa. Wa pili vilevile.

"Sasa usiikandamize, iguse tu kioo cha miwani. Jaribu."

Danieli aligeukia dirisha. Duara lilikuwa pana na safi. Kule dikoni aliona mtumbwi, akamwona na mke wa Lourenco ameketi kando yake, mikono mapajani. Aliona hata kutu ya mnyororo.

"Unaona?"

"Naona."

Lourenco akainuka. Watu walingoja matusi. Yeye akanyoosha mkono.

"Yaishe, mzee. Macho hayana adabu. Mimi mwenyewe sindano natungiwa uzi na mke wangu."

Danieli aliupokea ule mkono bila kuinua uso. Alitamani yule bwana angemtukana, hata kofi angelipokea. Mustafa alitoa ufunguo wa mnyororo, kikao kikafungwa kwa vicheko.

Njiani watu walimwita, "Mzee Tundu la Ufunguo!" Aliongeza mwendo.

Alipofika kwake, nyundo zilikuwa zinalia nyuma ya nyumba. Kelvin, mwanawe, alikuwa juu ya fremu ya chumba chake kipya, anapigilia boriti za mikoko ambazo maganda yake yalikuwa bado mabichi. Alipomwona baba yake, alitoa misumari mdomoni.

"Wamekubali ile hadithi ya miwani, baba?"

Danieli alivua miwani, akaitia mfukoni.