Alama Chini ya Wino Mwekundu

Mwalimu Sengondo alikaa kiti cha mbele, karatasi za muziki mapajani. Jukwaani alisimama Tausi na saksofoni yake. Miaka ishirini nyuma, mzee huyu alimfukuza darasani kwa sababu ya mstari mmoja mrefu, ambao binti hakuweza kuupuliza bila kuvuta pumzi katikati. "Huna kifua," alimwambia. "Katafute kazi nyingine." Leo Tausi anafundisha chuo kikubwa, na watu walijaa ukumbini hadi mlangoni.

Alipoufikia mstari ule, Tausi alitoa chombo mdomoni, akavuta pumzi bila haraka, kisha akaendelea.

Watu walipotawanyika, alishuka kumwamkia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unapumua palepale."

"Napumua, Mwalimu. Mtunzi mwenyewe karuhusu."

Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma mzee. Akafunua karatasi zake. Juu ya mstari ule alikuwa amechora kwa wino mwekundu, mnene, kama alivyowachorea wanafunzi wake wote: USIPUMUE. Akaiinua karatasi kwenye taa. Chini ya wino ikaonekana alama ndogo ya kupumua, iliyopigwa chapa tangu mwanzo.

Akaanza kuwataja aliowafukuza kwa mstari ule. Nuhu. Mwanaidi. Wale mapacha wa kina Lubango. Majina yalikuwa mengi, naye hakutaka kuyakatiza, hata pumzi ikaanza kumwishia.

"Pumua, Mwalimu," Tausi akamwambia, akimshika bega.